Mtambo wa Kunyanyulia Paa la Land Rover: Maneno ya Kamati ya Ufundi Mbele ya Wanachama



Tumeombwa tueleze habari ya ile mikaratusi minne iliyolazwa kando ya ghala, maana maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema tunajenga goli la mpira. Jamani, si goli. Ni mtambo wa kunyanyulia paa la Land Rover ya ushirika.

Shida ya gari letu mnaijua. Wakati wa mavuno tunataka liwe wazi nyuma, magunia ya alizeti yapande mpaka juu. Lakini gari hilo hilo ndilo linampeleka mama mjamzito zahanati, na uchungu hauulizi kama ni wakati wa mavuno. Kulirudisha paa kwa mikono kunataka watu sita wenye nguvu. Saa nane ya usiku, mvua inapiga, watu sita mtawatoa wapi? Ndiyo maana mgonjwa anafunikwa turubai, na paa liko chini kwenye vumbi, kuku wanatagia humo.

Paa lenyewe si zito kama mnavyodhani, ila ni jororo. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa haba Uingereza kwa sababu ya vita, basi wakatumia aluminiamu kwa bodi. Gari la umbo lile la zamani limekoma kutengenezwa mwaka 2016. Aluminiamu ukiikamata vibaya inakunjika, na ikikunjika hainyooki vizuri tena. Kwa hiyo paa lisivutwe kwa ukingo wake wa juu, wala kamba isipite juu ya bati lake. Linyanyuliwe kutoka chini.

Tutafanya hivi. Mlango wa nyuma unatolewa kwanza, halafu bolti zote, za kioo cha mbele na za ubavuni. Watu wanainua upande wa mbele kidogo tu, unene wa mbao, tunapitisha mbao moja kutoka ubavu hadi ubavu. Kisha nyuma vilevile. Mbao zitokeze nje pande zote mbili, zikatwe kijino ili paa lisiteleze, na pale linapokalia pawekwe mpira wa tyubu kuukuu. Sehemu ya paa iliyo juu ya dereva inaning'inia mbele ya mbao, kwa hiyo mbao ya mbele isogezwe mbele kadiri inavyowezekana, paa lisije likapiga magoti.

Sasa kamba nne zinafungwa kwenye ncha nne za mbao, zinapanda juu kwenye kapi, zinashuka na kujiviringisha kwenye bomba moja lililolazwa kati ya nguzo mbili, usawa wa kiuno. Bomba likizunguka, kamba zote nne zinapanda pamoja na paa halilali upande. Bomba ni la maji, la inchi 2, ambalo kwa nje lina sentimita 6. Mkono wa kuzungushia uwe na sentimita 45. Fanyeni hesabu: kutoka katikati ya bomba hadi nje ni sentimita 3, na 3 katika 45 ni mara 15. Yaani mzigo ukiwa kilo 120, mkono wako unasukuma kama kilo 8, na kidogo zaidi kwa sababu ya msuguano. Mzunguko mmoja unapandisha sentimita 19 hivi. Kwa mizunguko mitatu minne paa limepanda vya kutosha gari kutoka. Nalo litoke kwa mbele, dereva asirudi nyuma, maana kioo cha mbele kitagonga mbao.

Wapo waliouliza kwa nini tusifunge kapi kwenye kenchi za ghala tukaokoa miti. Tumesikia kwamba huko Marekani wenye Jeep Wrangler huning'iniza paa zao kwenye dari la banda la gari. Sawa, lakini kenchi zetu zilipigwa kwa ajili ya bati na upepo. Mbao ile ya chini ya kenchi haikuwekwa pale ibebe mzigo katikati. Ikivunjika, tunapoteza paa la gari na paa la ghala kwa siku moja, na alizeti iko ndani. Kwa hiyo nguzo ni zake zenyewe: mita 3 na nusu juu, mita 1 ndani ya shimo, zege la saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Sehemu ya chini ipakwe oili chafu, mchwa wa hapa mnawajua.

Mzee mmoja alishauri tukusanye kamba nne kwenye ndoano moja juu, tutumie kapi moja tu. Ni shauri la kuheshimiwa, ila lina hatari. Kamba zikishuka wima, kila moja inabeba sehemu yake tu. Zikitanuka kama miguu ya fundi juu ya paa, mzigo wa kila kamba unaongezeka. Kamba mbili zikitanuka hadi nyuzi 120, kila moja inabeba mzigo mzima, kana kwamba mwenzake hayupo! Tena zinabana mbavu za paa kuelekea ndani. Kwa hiyo wima. Na hata wima tusihesabu kwamba nne zinabeba sawasawa. Mara nyingi mbili za pembe ndizo zinabeba, nyingine zimelegea. Kila kamba iweze peke yake kubeba nusu ya paa, mara kumi.

Neno kubwa ni hili. Kamba ni ya kunyanyulia, si ya kutunzia. Paa litakaa juu miezi mizima, na katani inaliwa na jua, mvua na panya. Kwenye boriti tutafunga minyororo minne. Paa likifika juu, kila ncha ya mbao inavishwa mnyororo, bomba linarudishwa kidogo, minyororo inashika. Kabla ya hapo asipite mtu chini, mkubwa wala mtoto. Na wakati wa kushusha, mkono wa bomba washike watu wawili, wasiuachie hata kidogo. Ukiponyoka unazunguka wenyewe na kuvunja taya. Tundu la bolti litafutwe kwa msumari mrefu. Vidole viwe mbali.

Kwa mpango huu watu wanne wanatosha, dereva akiwa mmoja wao.

Tunapungukiwa na mnyororo, mita 6, na kapi mbili. Mwenye navyo amwone mtunza ghala, ataandikiwa daftarini. Kuchimba mashimo ni Jumamosi saa moja asubuhi, njooni na sururu. Akina mama wa shamba la pamoja wamekwisha kusema watapika uji.