Mama, Usingoje Maumivu



Leo tuzungumze juu ya kansere ya ziwa.

Mama anaoga, anagusa kitu kigumu ndani ya ziwa, kama mbegu ya haragi. Anakifinya: hakiumi. Anasema, "Haiumi, basi si kitu. Ni maziwa yamefunga." Anaendelea na shamba. Anapofika hapa, mwaka umepita, ziwa limekuwa kidonda, na munganga hana tena njia nyingi.

Ni hapo tunadanganyika. Malaria ikipiga kichwa, tunakuja mbio. Kansere ya ziwa, mara nyingi mwanzo wake hauumi. Inakaa kimya na kukomaa.

Katika mwaka 2022, wanawake karibu 670,000 walikufa nayo duniani. Lakini katika inchi za utajiri, tangu miaka ya 1980 mpaka 2020, vifo vilipunguka 40 kwa 100, maana ugonjwa unaonekana mapema na kutunzwa vizuri. Kwetu Kongo mashini za kupiga picha ya ziwa ni chache. Lakini mikono ya muuguzi iko.

Basi, kwa nini hatuji?

Haya: "Nitavua nguo mbele ya mwanaume?" Omba mama muuguzi akuangalie.

Bwana anakataa: mwite, mje wawili, asikie mwenyewe.

"Nimelogwa": huu ni ugonjwa, si uchawi. Ukitafuta mlozi, siku zinapita na kitu kinakomaa.

Pesa: uvimbe mdogo unahitaji kazi ndogo kuliko kidonda kikubwa.

Woga: "Wakisema ni kansere, nitakufa." Mama, vivimbe vingi si kansere. Na kama ni yenyewe, ikionekana ingali ndogo, inaweza kupona.

Njoo ukiona: kitu kigumu katika ziwa ao kwapani, ngozi kama ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuingia ndani, damu kwenye chuchu. Wewe unayenyonyesha, kitu kigumu kikikaa majuma mawili bila kuyeyuka, usiseme tena ni maziwa. Na ziwa likiwa jekundu, la moto, na homa juu yake, njoo siku ile ile.

Leo, mtoto akiisha kupimwa kilo, mwambie muuguzi: "Niangalie na mimi." Ni dakika chache tu. Na ukirudi nyumbani, mwambie dada yako na mama yako mzazi.