Vifuniko vya Tangi la Hewa: Maneno Yaliyosemwa Katika Mkutano Wetu wa Madale



Kamati imeniomba niseme machache juu ya kompresa tunayotaka kuwanunulia vijana wa hapa Madale wanaoziba pancha. Bei mbili zimeletwa. Moja ni ya tangi la kiwandani, lenye vifuniko vilivyobinuka kwa nje. Nyingine ni rahisi zaidi: fundi atachukua bomba pana la zamani, akate pleti mbili bapa, azichomelee kwenye ncha, basi. Wapo waliosema chuma ni chuma. Mimi sikubaliani nao.

Tuchukue tangi lenye kipenyo cha sentimeta 50, na hewa ya kilo 10 kwa kila sentimeta ya mraba. Zidisheni wenyewe: kila kifuniko kinasukumwa kwa nguvu ya karibu tani 20. (Aliyesahau kanuni ya eneo la duara asichungulie kwa jirani.)

Chuma huvumilia sana kuvutwa, lakini kukunjwa hakukiwezi. Kifuniko kilichobinuka huvutwa kila upande, kama ngozi ya mpira wa miguu. Kifuniko bapa hutaka kuvimba katikati, na shida yote huhamia ukingoni, pale pale fundi alipochomelea. Tena kompresa hujaa na kupungua mara nyingi kwa siku. Pleti inapumua, inapumua, mpaka ufa unaanza kwa ndani ambako hakuna jicho linalofika.

Kwa chuma cha kawaida tunachokiruhusu kubeba kilo 1,200 kwa sentimeta ya mraba, mwili wa tangi hilo unahitaji unene wa milimita 2 hivi, mbali na nyongeza ya kutu. Kifuniko cha nusu tufe kinatosha kwa milimita 1. Cha umbo la yai, ambacho kina chake ni robo ya kipenyo, ni milimita 2 kama mwili wenyewe. Cha umbo la sahani, karibu milimita 4. Na kile bapa? Milimita 26! Fundi wetu ameandika milimita 6.

Nusu tufe ndilo bora, lakini kulifinyanga ni kazi ya gharama, kwa hiyo viwanda vingi hutumia yai au sahani. Ukichagua sahani, tazama kona yake inapokutana na mwili. Kanuni za Marekani zinataka mviringo wa kona hiyo usipungue asilimia 6 ya kipenyo, yaani sentimeta 3 kwa tangi letu. Kona kali ni hatari. Na mtu asije akageuza sahani ikabonyea ndani ili kupunguza urefu wa tangi. Sahani ya namna hiyo inaweza kufyatuka ghafla, kama kitako cha sufuria kilichobonyezwa.

Asiyeniamini akatazame mtungi wa gesi jikoni kwake. Kitako chake kimebinuka, ndiyo maana umevishwa pete ya chuma chini ili uweze kusimama. Kama ubapa ungefaa, mtengenezaji asingehangaika na pete.

Vijana watachuchumaa kando ya tangi hili kutwa nzima, na watoto wa shule watapita hapo na baiskeli zao. Naomba tuchukue lile la kiwandani, hata kama itabidi kuongeza michango. Lijaribiwe kwa maji, wala si kwa hewa, maana maji yakipasua chuma humwagika tu, hewa hurusha vipande. Kwa kuwa hapo ni mahali pa kazi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inatuhusu. Basi tuwaite wakaguzi wa OSHA kabla ya kukabidhi. Valvu ya usalama isizibwe hata ikipiga kelele, na kila jioni maji yafunguliwe chini ya tangi. Hiyo kazi ya jioni tumkabidhi kijana mmoja kwa jina, leo hii, kabla hatujaenda kula.