Mzio wa Ndagala, Kichocho na Kipimo cha Basofili: Mada kwa Wahudumu wa Kliniki na Maabara, Rumonge



Mtu amekula ndagala wakavu jioni. Nusu saa haijaisha, midomo imevimba, mwili umejaa vipele, tumbo linamkata. Akifika kwetu anachomwa sindano, anatulia, na kwenye daftari lake tunaandika "mzio wa samaki". Kisha tunamwambia asile samaki tena. Hapa Rumonge, na kote mwambaoni hadi Nyanza-Lac, agizo hilo ni zito. Ndagala ndiyo kitoweo cha wasiomudu nyama, na kwa kina mama wanaoanika na kuuza ndiyo riziki yenyewe. Ninachodai ni kwamba agizo zito namna hiyo lisitolewe bila ushahidi. Kwa damu ya watu wa huku, ushahidi wenye nguvu zaidi unaweza kupatikana kwa kipimo cha kuamsha basofili.

Lakini swali la kwanza halihitaji maabara: waliokula chungu kimoja naye wakoje? Ndagala waliochelewa kuanikwa, au waliolala kwenye mchanga wenye unyevunyevu, huingiwa na bakteria wanaogeuza histidini ya nyama kuwa histamini. Moto wa jikoni hauiondoi. Mlaji hupata dalili zilezile za mzio ilhali hana mzio wowote. Kanuni za Codex kwa samaki wa jamii hii zinaweka kikomo cha miligramu 200 za histamini kwa kila kilo. Wakiugua watatu wanne wa nyumba moja, tukawaulize walioanika samaki, tusiwahukumu waliokula. Vichanja vya waya vilivyoinuliwa juu ya mchanga ni kinga bora kuliko dawa yoyote ninayoifahamu.

Akiugua mmoja peke yake, na hali ikamrudia kila alapo, hapo tunazungumzia mzio. Kipimo cha ngozi na kipimo cha kingamwili IgE hutosha mahali pengi duniani. Kwetu vina kasoro mbili. Kwanza, dawa za samaki zinazouzwa kwa vipimo hivyo mara nyingi hutokana na chewa wa bahari za kaskazini. Ndagala ni wa ukoo wa heringi, na parvalbumini, protini inayosababisha mzio mwingi wa samaki, hutofautiana kati ya samaki na samaki. Pili, kichocho cha tumbo kimeenea katika nyanda za Imbo, na minyoo hupandisha IgE kupita kiasi. Nchini Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha watoto wenye kichocho cha mkojo waliokuwa na IgE dhidi ya karanga, lakini kingamwili hiyo ilikuwa imeshika sukari zinazofanana kati ya minyoo na mimea. Ilipojaribiwa kwenye basofili, haikuziamsha sawasawa. Yaani karatasi ilisema mzio, mwili ukakataa.

Basofili ni chembe nyeupe za damu zilizo chache mno, hazifiki hata moja katika kila mia. Paul Ehrlich alizitambua mwaka 1879 kwa rangi za maabara. IgE hukaa juu ya ngozi yake. Kitu kinachosababisha mzio kikizishika IgE mbili jirani, chembe hupasua vifuko vyake vya histamini, na alama iitwayo CD63, ambayo kwa kawaida hujificha ndani, hujitokeza nje. Kipimo hufuatilia alama hiyo.

Kazi yenyewe ni hivi. Damu inagawanywa katika mirija midogo. Mmoja hautiwi kichokozi. Mwingine hutiwa kingamwili dhidi ya IgE, ili tuone kama basofili za mtu huyu zinaweza kuamka. Iliyobaki hutiwa rojo la ndagala lililochujwa, kwa viwango tofauti. Huachwa kwa nyuzi 37 kwa dakika 15 hadi 30, kisha hutiwa rangi zinazong'aa, na mashine ya leza huhesabu chembe moja moja. Takriban mtu mmoja kati ya kumi ana basofili zisizoamka hata kwa mrija wa pili. Jibu lake liandikwe "halikusomeka". Kuandika "hana mzio" hapo ni kumweka hatarini.

Minyoo inaingilia hata hapa. Watoto wa Uganda waliokuwa na kichocho pamoja na safura walionekana kuwa na basofili zinazotoa histamini kidogo. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, jibu hasi la mgonjwa wa mwambaoni lisiaminiwe kabla ya kupima choo, kumpa prazikwanteli akihitaji, na kurudia.

Je, tununue mashine? Hapana. Mashine ndogo za CD4 zilizokuja na tiba ya UKIMWI zimefungwa kwa kazi ile moja. Zile kubwa zenye rangi nne zinafaa, na kazi yake imepungua tangu WHO mwaka 2013 ilipoelekeza kupima wingi wa virusi. Mahali pa kipimo hiki ni maabara kuu. Bujumbura iko kilomita 75 hivi, na damu inasubiri hadi saa 24, ingawa siku hiyohiyo ni bora. Itolewe kwenye mrija wa heparini. EDTA huondoa kalisiamu, na bila kalisiamu basofili haziamki. Mgonjwa halazimiki kuacha vidonge vya kuzuia histamini kama ilivyo kwa kipimo cha ngozi, ila prednisoloni aliyomeza iandikwe kwenye fomu.

Sehemu yetu hapa Rumonge inaanza siku ya kwanza. Adrenalini iwe tayari, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja. Maelezo ya mlo yaandikwe kwa saa na dakika. Na kabla familia haijatupa mabaki, tuombe konzi ya ndagala kutoka gunia lilelile, tuifunge, tuiweke kwenye friza kwa jina la mgonjwa, maana rojo la kumpima litatokana na samaki hao hao.