BEI YA HAKI YA SAA KUUKUU

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wetu katika Siku ya Wanafunzi wa Zamani)



Kamati ilinitaka niseme juu ya uaminifu kazini. Nimekuwa mtumishi wa serikali kwa miaka ishirini sasa. Hotuba za uaminifu nimezisikia nyingi, na nyingine nimezitoa mwenyewe. Kwa hiyo leo niruhusuni nizungumze juu ya saa.

Mwalimu wetu wa Hesabu alipostaafu, darasa letu lilichanga shilingi 2,400,000 za zawadi. Wenzangu mnaikumbuka Omega aliyoachiwa na baba yake. Kengele ya shule hii ilifuata saa ile, na wengi wetu tuliadhibiwa kwa sababu ya dakika zake mbili. Baadaye iliibiwa safarini. Tukakubaliana kumtafutia nyingine ya namna ile ile, yaani Seamaster ya miaka ya 1960. Kwa kuwa mimi ni mtu wa serikali, nikakabidhiwa fedha. (Kicheko.)

Saa za namna hiyo hazipo tena madukani kwa upya. Hununuliwa kwa watu, na siku hizi watu hao hupatikana kwenye mtandao. Basi nikaanza kujifunza, maana fedha hazikuwa zangu.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba bei inayotajwa si bei inayolipwa. Mtu anaweza kutangaza saa yake kwa fedha yoyote anayoiota. Linalofaa kutazamwa ni saa kama hiyo ziliuzwa kwa kiasi gani, tena katika miezi ya karibuni. Mwanzoni mwa mwaka 2022 bei za saa za kifahari zilizokwisha kutumika zilipanda mno duniani, halafu zikashuka. Aliyeshika bei ya wakati ule akaipeleka sokoni mwaka uliofuata alijidanganya mwenyewe.

La pili, ijue bidhaa. Kampuni ya Omega ilianzishwa Uswisi mwaka 1848, na saa yake ilifika mwezini mwaka 1969. Jina kubwa namna hiyo huvuta waigaji. Katika saa zake za zamani namba ya utengenezaji imechorwa ndani, juu ya mashine, kwa hiyo lazima fundi afungue kifuniko cha nyuma. Uso wa saa uliopakwa rangi upya hung'aa na kupendeza, lakini hushusha thamani. Vivyo hivyo bodi iliyosuguliwa hata kingo zake zikapotea, na kile kifundo cha kujazia kilichobadilishwa kikawekwa kisicho cha Omega. Kama sanduku na hati zake hazipo, hilo nalo hupunguza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

La tatu, hesabu gharama ya fundi. Saa ya mashine huhitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka kadhaa. Kama muuzaji hawezi kuonyesha kwamba ilifanyiwa hivyo, gharama hiyo itakuangukia wewe, na ni haki kuitoa katika bei.

Muuzaji wa kwanza alitaka nimtumie nusu ya fedha kabla sijaiona saa. Alinihimiza sana, akasema wateja wengine wanangoja. Nikamwambia awape hao wanaongoja. Wa pili alitaka 3,500,000 kwa saa yenye uso uliopakwa rangi. Sikumtukana wala kumwambia "chukua au acha". Nilimwandikia hesabu yangu mstari kwa mstari. Akakataa, tukaagana vizuri. Biashara haigombi.

Wa tatu alikuwa kijana wa Tanga, akiuza saa ya marehemu baba yake. Alitaka 900,000. Tulikutana Dar es Salaam kwa fundi saa. Fundi akaifungua, akatazama kwa kioo chake, akasema ni halisi yote, na namba yake ni ya miaka ya 1960. Mimi nilikuwa nimekwisha kujua kwamba za namna hiyo zilikuwa zikiuzwa kama milioni mbili. Kijana hakujua. Alichojua ni ada ya mdogo wake.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopata taabu. Kama fedha zingekuwa zangu, ningesema kweli na kulipa. Lakini zilikuwa za watu thelathini. Je, nina ruhusa ya kuwa mkarimu kwa mfuko wa mwenzangu? Na je, nina ruhusa ya kumpunja yatima kwa niaba ya watu ambao sikuwauliza? Nilimwomba kijana anipe siku mbili, nikawapigia wenzangu simu.

Mmoja alinijibu, "Bei ni maelewano, yeye ndiye aliyeitaja." Mwingine akauliza swali moja tu: "Mwalimu akituuliza tumeipataje, tutamweleza yote?" Tukapiga kura. Walio wengi walisema kijana aambiwe.

Nikamwonyesha hesabu. Milioni mbili, toa 300,000 za matengenezo, toa 100,000 kwa kukosa sanduku na hati: 1,600,000. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kwa nini namwambia. Nikamjibu kwamba saa hii inakwenda kwa mwalimu wa Hesabu, naye atazikagua. Nauli na ujira wa fundi kwa ukaguzi vilikuwa 120,000. Zilibaki 380,000, nazo tulimpa Mwalimu katika bahasha pamoja na stakabadhi zote.

Mwenzetu aliyepinga yuko hapa leo. Bado anasema niliwapotezea 700,000, na sitamwita mtu mbaya, kwa sababu alichokilinda ni fedha za wenziwe.

Ninyi vijana hamnunui saa. Mnanunua simu zilizokwisha kutumika. Njia ni ile ile. Ulizeni zimeuzwa kiasi gani, zikaguliwe na anayejua, msitume fedha mbele, na toeni hesabu badala ya maneno makali. Mkishajua zaidi ya mwenye mali, jiulizeni swali la yule mwenzetu: je, mnaweza kueleza yote?

Mwalimu ameketi pale mbele. Ananionyesha saa yake, maana yake muda wangu umekwisha.