Mnong'ono Unaoimba: Timbri kwa Mwanamuziki na kwa Mwanasaikolojia



Mwanamuziki akitaja timbri hufikiria chombo. Noti ileile, kwa kidatu kilekile, ikipigwa kwenye udi na kwenye fidla, utazitofautisha hata ukifumba macho. Mwaka 1863 Hermann von Helmholtz alieleza kuwa siri imo katika sauti ndogondogo zinazoandamana na noti kuu. Mwaka 1960 shirika la viwango la Marekani likatoa fasili rasmi: timbri ni tofauti inayobaki kati ya sauti mbili zilizolingana kwa kidatu na kwa ukubwa. Fasili ya makombo, niseme kweli.

Wanasaikolojia wao huuliza habari za msikilizaji. Albert Bregman wa Montreal, katika kitabu chake cha 1990, alionyesha jinsi ubongo unavyoamua kwanza sauti zipi zimetoka mahali pamoja. Timbri tunayoisikia hutegemea uamuzi huo.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa jambo hilo tunao hapa Burundi: inanga ya kunong'ona. Ni ubao uliochimbwa, na uzi mmoja mrefu umepitishwa huku na huko kwenye mapengo ya ncha zake mbili. Mpigaji hucharaza huku akinong'ona maneno. Sasa, anayenong'ona hatetemeshi nyuzi za koo. Hutoa pumzi tupu, isiyo na kidatu. Kwa Kiswahili hilo si tatizo kubwa, lakini Kirundi hutofautisha maneno kwa vidatu. Basi vidole vinafanya kazi ambayo koo limeiacha: hupanda na kushuka pamoja na maneno. Nasi tunasikia mtu akiimba, kwa sauti nzito, ya chini. Vidole vikinyamaza katikati ya mstari, mwimbaji hayupo tena, imebaki pumzi. Cornelia Fales, aliyeichunguza inanga hii kwa miaka, aliieleza hali hiyo katika makala yake ya 2002 kuhusu kitendawili cha timbri.

Sauti hiyo ni ya nani? Haimo kwenye uzi wa inanga wala kooni; imo kichwani mwa msikilizaji. Hapo nawaunga mkono wanasaikolojia, ila kwa sharti moja: wasidhani wao ndio waliogundua hilo. Wapigaji wa inanga walijua kuuongoza ubongo wa msikilizaji bila maabara yoyote, na walirithishana ufundi huo kwa kuketi karibu na kusikiliza.

Kwa mafundi wetu wa studio, ombi langu ni dogo. Michel Vuylsteke aliporekodi muziki wa Burundi mwaka 1967, inanga ya kunong'ona ilikuwamo. Ninyi leo mna vipaza sauti vingi, na kishawishi ni kuweka mdomo kwenye spika ya kushoto na inanga kwenye ya kulia, ati kila kitu kisikike wazi. Mkifanya hivyo mnaupa ubongo sababu ya kuvitenganisha. Viacheni vitoke mahali pamoja.