Mali ya Kivu Kusini Si Zahabu Peke Yake

(Maneno tuliyosema mbele ya wandugu wa Rugenge, Uvira)



Sisi makarani wa mgodi kazi yetu ni mizani. Zahabu ya Kamituga hupimwa kwa gramu, na punje moja ikianguka, wote huinama kuitafuta. Lakini jimbo letu lina mali nyingine ambayo hakuna anayeiinamia.

Jimbo hili lilipata mipaka yake mwaka 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa mafungu matatu. Tunakaa humu Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Warega, Washi, Wahavu, Wanyamulenge na wengine. Warega wana chama cha Bwami, kinachofundisha hekima kwa vinyago vya pembe za ndovu. Wabeleji walikipiga marufuku. Vinyago vyenyewe lakini walivipenda, wakavipeleka Ulaya! Na katika hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyowekwa mwaka 1970, wamo gorila wasiopatikana popote ila Kongo ya mashariki. Wageni wamevuka bahari kuja kuwatazama.

Basi tuteremke nyumbani, ziwani. Ndagala asili yake ni Tanganyika tu. Hata sambaza anayeliwa Bukavu ametoka huku: Wabeleji walimchukua mwishoni mwa miaka ya 1950 wakamtia katika Ziwa Kivu, naye akazaa, mpaka leo analisha watu. Hakudai mshahara wala nyumba ya kampuni.

Nasi tunamlipa nini? Usiku tunaziona taa za wavuvi, na roho hufurahi. Lakini asubuhi, ufukoni, kuna wanaokokota chandarua cha mbu, na chandarua hakiachi hata kitoto cha samaki. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani miezi mitatu, tangu Mei 15, samaki wapate kuzaa. Watu walinung'unika, maana tumbo halifungwi kwa amri. Hatuwacheki. Mvuvi ana watoto kama sisi, na hana karani wa kumwandikia posho.

Kwa hiyo tunawaomba ninyi wafanyakazi: siku ya mshahara tusinunue samaki wachanga, hata wakiwa rahisi. Anayenunua ndiye anayetuma chandarua majini. Na ziwa likifungwa upande wetu, tuchange unga kwa nyumba za wavuvi, kama tunavyochangiana mwenzetu akiumia shimoni.

Jumapili baada ya ibada tutakuwa ufukoni pamoja na wavuvi. Mwenye neno aje nalo, na akina mama wauza ndagala waje mbele, maana wao ndio wanaojua hesabu ya makapu.