Kwa Nini Dhahabu Huelea

Somo la leo ni juu ya makinikia. Serikali ya Tanzania ilipozuia makinikia kupelekwa nchi za nje, Machi 2017, kila mtu alilitaja neno hilo. Waliojua jinsi yanavyopatikana walikuwa wachache.

Chukua jani la mgimbi, ulimwagie maji. Maji hayashiki, hujikusanya kuwa matone yakateleza. Sasa mwagia jiwe. Jiwe linalowa. Tofauti hiyo ipo juu tu, katika ngozi ya kitu.

Katika mgodi wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, dhahabu hupatikana pamoja na madini yenye salfa, na mengine yana shaba. Mwamba husagwa ukawa unga, ukatiwa maji, kisha dawa iitwayo zanteti. Kila chembe ya dawa hii ina ncha mbili: moja hushika madini yenye salfa, nyingine hukataa maji kama mafuta yanavyoyakataa. Basi punje iliyovikwa zanteti huwa kama jani la mgimbi. Hewa ikipulizwa, punje hung'ang'ania viputo, ikapanda navyo mpaka kwenye povu. Unga wa mawe matupu hulowa, ukabaki chini. Povu hilo likikusanywa na kukaushwa, ndiyo makinikia.

Je, mawe yakirundikwa nje miezi mingi, yakanyeshewa? Madini yenye salfa hushika kutu. Dhahabu imo ile ile, lakini ngozi imegeuka, na zanteti haipati pa kushika. Punje huzama, na dhahabu huenda na marudio. Mimi naona hasara hii ni mbaya kuliko wizi, maana mwizi hutafutwa.

Kutu hiyo ina dawa, nayo ni sodiamu salfaidi, ambayo huivika punje ngozi mpya ya salfa. Lakini ikizidi, hata madini mazima hayaelei. Chokaa nayo hutiwa ili kuizuia pairaiti isipande. Kama dhahabu imo ndani ya pairaiti, chokaa nyingi itaizamisha. Kwa hiyo fundi hulipima tope lake mchana na usiku.

Kabla ya somo lijalo, sugua nusu ya jani la mgimbi kwa kitambaa chenye sabuni, ulisuuze, kisha mwagia maji nusu zote mbili. Andika katika daftari lako uliyoyaona. Kwa herini.